Kaseti ya Samaki Kutoka Chovae

Ukitaka kuifungua droo ya chini ya kabati langu, ziba pua kwanza. Wanangu huivuta kwa kidole cha mguu, wakakimbia hadi barazani, wakarudi wakicheka. Mle ndani mna kaseti moja ya kijivu iliyochunika lebo, nayo inanuka mafuta ya papa. Sisemi harufu ya papa wa kupikwa, hiyo ni harufu ya chakula na ina heshima yake. Nasema yale mafuta ya maini yanayoachwa juani ndani ya debe mpaka yawe mazito na meusi, ambayo mafundi wa mashua hupakaza mbao na kuloweshea pamba ya kalafati kabla ya kuishindilia kwenye mianya isiingie maji. Nimeiwekea karafuu, nimeiwekea asumini kavu, nimeifukiza udi. Udi umesalimu amri. Juzi mwanangu mkubwa aliniuliza kwa nini nisiitupe, na hata cha kuichezea hatuna tena. Nikamwambia kila kilichomo nyumbani humu ni chake siku nikifa, ila hiyo ni baina yangu na kaburi.

Nyinyi wa rika langu hamna haja ya kuelezwa kaseti. Mnaijua penseli ya kuzungushia utepe uliolegea. Mnavijua vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwake, tulivyokuwa tukivivunja ili mtu asije akarekodi taarifa ya habari juu ya harusi ya dada yako, na mnajua kwamba ukijuta huzibua uamuzi wako kwa kuziba vile vitundu na karatasi. Lakini nathubutu kusema wengi wenu hamkuwahi kuwa na kaseti iliyojaa samaki. Sisi tulikuwa nayo, na aliyewatia samaki mle alikuwa baba yangu, na mimi, mtanisamehe kwa kujisifu mapema, ndiye niliyewaokoa.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu Kismayo. Watu walimwita Mwalimu Shee. Alizaliwa kisiwani Chovae katika nyumba ya mafundi wa mashua, akawa mtoto pekee wa ukoo ambaye shoka lilimkataa. Bibi, mama yake, alikuwa akisema kwamba mbao zilimshukuru Mungu siku Shee alipopelekwa shule. Ndugu yake, Ami Athumani, alikuwa baharia wa meli za mizigo, na kila aliporudi alikuja na kitu ambacho hakuna aliyekiomba. Safari moja alifungua kikoi sakafuni, ndani yake mkawa na kibodi nene nyeusi, nyaya zilizojisokota na kitabu kilichokunjika pembe.

"Kompyuta," alisema Ami. "Nimeinunua kwa mchu aliyechoka nayo. Waichomeka kwenye televisheni."

Mama aliizunguka kama aliyeletewa mbuzi mwenye jicho moja. "Yapika?"

"Haipiki."

"Yashona?"

"Yafikiri, shemeji."

"Hata mimi nafikiri," alisema Mama, "na sili umeme."

Televisheni tuliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, ya kutazamia mikanda ya video, na umeme wa mji ulikuwa ukija kwa hiari yake. Baba alisoma kile kitabu jinsi watu wanavyosoma barua ya mchumba. Hapakuwa na wa kumuuliza. Alikosea, akafuta, akakosea tena, na alipokuwa akikosea alitukataza kupita nyuma yake. Halafu alasiri moja akatuita sote, na juu ya kioo cha televisheni pakaandikwa: WAZA SAMAKI.

Ndio mchezo wenyewe huo. Unamuwaza samaki moyoni, kompyuta inakuuliza maswali ya ndiyo na hapana, mwisho inamtaja. Ikikosea inasema NIMESHINDWA, NI SAMAKI GANI? Unamtaja. Kisha inakuomba: NIPE SUALI LA KUMJUA. Unaandika swali lako, nayo inalishika, na kuanzia hapo itamuuliza kila mtu swali lile lile kwa maneno yako yale yale. Mwanzo ilimjua papa na taa tu. Vingine vyote ilisubiri kufundishwa na sisi.

Lazima niseme jambo moja, maana mtu asiyetoka kwetu anaweza kuona ni mchezo wa watoto. Shuleni tulisoma Kisomali. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulisoma Kiarabu. Lugha ya nyumbani, ile inayomwita mtu mchu, mtoto mchocho na moto mocho, ilikuwa ya nyumbani, ya kugombezwa na kubembelezwa, na wapo mjini waliotucheka tukiisema sokoni. Sikuwahi kuiona imeandikwa popote, wala kwenye gazeti wala kwenye mfuko wa sukari. Sasa ikawa imekaa kwenye kioo, herufi nyeupe, inaniuliza mimi. Niliigusa. Kioo kilinichomachoma kidole, nikagusa tena.

Mtaa mzima ulikuja kuifunza. Mama, ambaye hakutaka kuisikia, alikuwa wa kwanza kuketi mbele yake. Suali lake, la kumtenga papa na wengine, lilikuwa: UKIMPIKA BILA NDIMU JIRANI WATAJUA? Mimi niliifunza bunju, nikaandika: AKIKASIRIKA HUFURA? Nilijiona nimetunga kitu kikubwa, na hadi leo naona hivyo. Lakini aliyetushinda sote alikuwa Somoe, jirani yetu muuza samaki, mwanamke mwenye kicheko cha kuamsha waliolala. Yeye alimleta tafi, yule samaki mwenye miba yenye sumu. Alimwambia Baba aandike, kwa kuwa yeye hakujua kuandika:

"Yuna mwiba wa kumliza mchu mzima?"

Kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Mchu mzima mwenyewe ni ndugu yangu Lali, yuko Koyama. Mvuvi mkubwa, ndevu hizi! Alichomwa na tafi, kilio chake siswi tukakisikia ng'ambo ya pili. Sasa yuapa kwamba hakulia. Andika, Mwalimu, andika hivyo hivyo."

Baba akaandika hivyo hivyo.

Basi alasiri nyingine, samaki wakiwa wamejaa na mwanamume mmoja akiwa katikati ya kuifunza kolekole, umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ilikuwa imerudi kuzaliwa. Papa na taa, basi. Hamkubaki tafi, hamkubaki bunju wangu. Nililia kwa hasira. Baba alieleza kwamba mashine ile haina kumbukumbu ya kwake, ikizimwa husahau yote, na dawa ni kuyamimina kwenye kaseti kila mwisho wa somo.

Mimi nililisikia hilo kwa masikio ya mtoto wa chuo. Chuoni kwetu aliyesahau somo lake aliambiwa na mwalimu kwamba ameanza bila Bismillahi. Hakukuwa na sababu nyingine ya kusahau duniani. Nikaitazama kompyuta na nikaielewa mara moja. Sikuwahi kuiona ikianza kwa Bismillahi hata siku moja. Nikaweka siri yangu.

Kaseti mpya zilikuwa ghali, na mshahara wa mwalimu siku zile ulikuwa ukifika umechoka. Kwa hiyo tukaligeukia sanduku la Mama. Mle mlikuwa na nyimbo za filamu za Kihindi, mawaidha, na kaseti ambazo Ami alituma badala ya barua, akisimulia bandari na baridi. Mama hakukataa, ila aliweka sharti: kila kaseti aisikilize mara ya mwisho mpaka mwisho. Alikuwa akipepeta mchele huku wimbo unapita, halafu anaitoa kaseti kwenye redio, anaifuta kwa upindo wa leso, anampa Baba bila kumtazama. Kaseti ya harusi yake hakuitoa. Baba hakuiomba. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafuna karatasi na kuishindilia kwenye vile vitundu, na nilikuwa hodari wa kazi hiyo.

Baba alikuwa na utaratibu wake. Mwanzo wa kaseti kuukuu huwa umevutika, kwa hiyo hakutaka kuandika hapo. Alibonyeza kurekodi, akasoma Fatiha moja kimoyomoyo huku utepe ukienda mtupu, alipofika mwisho ndipo akairuhusu kompyuta ianze. Kwanza unasikia mlio mmoja mrefu, mwembamba, usiopanda wala kushuka. Kisha ghafla vuuu, chachacha, kama samaki aliyetiwa kwenye mafuta ya moto. Na mimi nilijua kwa yakini kwamba ndivyo ilivyo. Walikuwa wanakaangwa wasioze. Mbona Mama alifanya hivyo hivyo?

Kaseti moja haikumtosha Baba. Alitaka moja ikae kwetu, moja kwa Somoe, na moja Chovae kwa Bibi. Mama akamuuliza kama sasa ameamua kummalizia sanduku lote.

"Wewe mocho wako ukizima asubuhi wafanya nini?" Baba alimuuliza.

"Namtuma mchocho kwa Somoe na kifuu cha nazi, alete kaa la mocho."

"Na kaa la Somoe lilitoka wapi?"

Mama akafikiri. Lilitoka kwake, jana yake. Ndivyo tulivyoishi mtaani, jiko halikuwashwa kwa kibiriti ila kwa shida. Ulimpa jirani moto wako leo ili ukizima kesho uupate kwake. Mama alitoa kaseti ya tatu, akasema kwamba hii basi ndiyo kifuu cha mwisho.

Niliibeba mimi mwenyewe hadi Chovae, imefungwa ndani ya mtandio wangu, wakati wa likizo. Baba alikuwa amevunja vile vijipande ili isirekodiwe tena. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaniuliza ni ya nani aliyekufa. Nikamweleza kwamba ni samaki. Nikamweleza na ile siri yangu, kwa sababu Bibi ndiye aliyekuwa mtu wa kuelezwa siri za namna hiyo.

"Husahau kwa kuwa hawaianzi na Bismillahi, Bibi."

Bibi hakucheka. Alitikisa kichwa kwa masikitiko juu ya mwanawe. "Na kusoma kote kule," alisema.

Siku iliyofuata nilikwenda kuokota kome na wenzangu maji yalipotoka. Niliporudi na kapu langu nilipiga hodi kwa kelele zote nilizokuwa nazo, maana kapu lilikuwa zito na nilitaka kusifiwa. Nilipoingia nilimwona Bibi akitupia shuka juu ya redio ya marehemu Babu, uso wake ukiwa wa mtu aliyefumaniwa akilamba asali. Nilidhani amekuwa akisikiliza taarabu. Aliwasifu kome wangu, nikasahau.

Vita vilipoingia Kismayo havikuingia mara moja. Viliingia na kutoka, kila vikirudi vikiwa na watu wengine na njaa ile ile. Kwetu watu wenye bunduki walikuja mchana. Walichukua televisheni, kompyuta, redio, godoro, na sanduku la Mama lenye kaseti zote, ya harusi ikiwemo. Mmoja wao aliibeba kompyuta kwapani akamuuliza Baba kwa Kisomali inafanya nini. Baba akasema, "Inafikiri." Yule mtu akacheka, akaenda nayo. Nilimtazama Baba. Alisimama katikati ya chumba kitupu, mikono ikining'inia, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kwamba mabega yake ni membamba.

Kaseti ya pili ilikuwa kwa Somoe. Somoe aliuawa kizingitini mwake wiki hiyo hiyo, akiwazuia wasiingie, na nyumba ikachomwa. Sitaki kuandika zaidi ya hapo juu yake. Mama alilia kwa sauti, mwanamke ambaye hata kwenye msiba wa mama yake alilia ndani ya leso.

Tukakimbilia Chovae kwa mashua, tukiwa tumelala juu ya nyavu, na tulipofika tulikuta wenye bunduki wametutangulia. Kisiwani walikuwa wamechukua mashine za mashua, nyavu, hata masufuria. Baba hakuuliza kitu siku ile. Nadhani aliogopa jibu. Bibi ndiye aliyekwenda uani, akarudi na debe la Babu la pamba ya kalafati, akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akaivuta kaseti ikichuruzika mafuta ndani ya mfuko wa nailoni uliotoboka.

"Walilifungua debe," alisema, "wakageuza nyuso. Wachu wa bara hawajui kizuri."

Tulipoondoka kwenda Kenya, Bibi hakukubali kupanda. Tulimwomba, tukamlilia. Baba alimshika miguu. Alituambia kitu kimoja tu, naye alikuwa amekwishageuka kuelekea nyumbani: "Na mchu akirudi, nani tampa mocho?" Alifariki kabla hajarudi mtu. Habari zilitufikia kambini, na za kaburi lake tulizipata kwa kusimuliwa.

Kambi yetu ilikuwa Mombasa, na kambini kila mtu alikuwa tajiri kwao. Ukisikiliza foleni ya maji ungedhani Kismayo yote ilikuwa majumba ya ghorofa. Kwa hiyo Baba alipoanza kuhadithia juu ya mashine iliyowajua samaki wetu kwa lugha yetu, watu waliipokea kama walivyopokea majumba. Aliyemkejeli zaidi alikuwa mvuvi mmoja mwenye ndevu, mtu wa Koyama, mwenye redio kaseti pekee katika safu yetu ya mahema. Alikuwa Lali, ndugu yake Somoe.

"Mwalimu," alikuwa akiita kutoka mbali, "samaki wako wa kioo wameamkaje? Wamekula?"

Jina likamganda Baba. Samaki wa Kioo. Watoto walinifuata nalo mpaka msalani. Baba alicheka nao siku za mwanzo, baadaye akaacha kucheka, mwishowe akaacha kuhadithia. Hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa amebaki na kitu kimoja tu duniani alichokitengeneza kwa kichwa chake, na sasa hata yeye alianza kukizungumzia kama ndoto. Nilimwambia tumpelekee Lali kaseti, aisikie. Baba akaitoa, akaifuta mafuta, na hapo uso wake ukabadilika. Vile vitundu viwili, ambavyo alivivunja kwa mkono wake, vilikuwa vimezibwa. Vimezibwa kwa pamba ya kalafati, imeshindiliwa vizuri kabisa, kazi ya mke wa fundi.

"Mama yangu amerekodi juu yake," alisema. Hakusema kwa hasira. Alikaa chini.

Nilikwenda kwa Lali mwenyewe, nikamwomba redio kwa adabu zote. Alikuja nayo, na nusu ya safu ikamfuata kwa ajili ya kicheko. Baba alibonyeza. Tukasikia mkwaruzo, halafu sauti ya Bibi, karibu kama aliyeketi nasi mkekani: "Bismillahi Rrahmani Rrahim." Lali alivua kofia.

Lakini Bibi hakuishia hapo. Aliendelea na Fatiha. Nilimwona Baba akijishika kichwa, na nikaelewa kabla hajasema. Nafasi aliyoiacha ilikuwa ya Fatiha moja, ya mwalimu wa hesabu mwenye haraka. Bibi alisoma kama mtu aliyekaribishwa asali, akivuta kila pale pa kuvutwa na akipumzika kila pale pa kupumzika. Kwa mwendo ule angewakanyaga samaki wote. Kompyuta ilihitaji kuusikia ule mlio mrefu wa mwanzo. Bila huo, kaseti nzima ni kelele. Baba alikuwa akisoma kimoyomoyo kwa mwendo wake, midomo ikitikisika, na yeye alikuwa amekaribia kumaliza wakati Bibi hajafika hata nusu.

Ndipo ikapenya sauti ya mtoto, kali, isiyo na adabu, kutoka nje ya nyumba ya Chovae:

"Hodi! Bibi, hodi! Nimekuja na kome!"

"Ndoo, mwanangu," Bibi akanikaribisha haraka haraka, na tukasikia kitufe kikibonywa.

Kimya kidogo sana. Kisha ule mlio mrefu, mwembamba. Kisha vuuu, chachacha.

Baba alinitazama. Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa akicheka. "Ni wewe," alisema. "Wallahi ni wewe na kome zako." Lali naye akatingisha kichwa akasema kwamba samaki kweli wamo, ila yeye aona wakaangwa. Watu wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha namna nyingine. Mimi nilijiona mrefu kuliko hema.

Lakini mlio si samaki. Palihitajika mashine ya aina ile ile, na mashine hizo dunia ilikuwa imeshaziacha. Baba alimwandikia Ami Athumani, na Ami akawa kila bandari anakwenda kwenye masoko ya vitu vilivyochokwa, mpaka akaipata moja imekaa kati ya pasi na viatu. Alipofika kambini nayo ndani ya kikoi, kama ile ya kwanza, Mama aliizunguka tena akauliza, "Bado haipiki?" Nikajua kwamba Mama amerudi.

Mwenye duka la video jirani na kambi alitupa televisheni yake kwa mchana mmoja, kwa sharti kwamba wateja wake nao watazame. Walijaa mpaka dirishani. Baba aliichomeka redio ya Lali kwenye kompyuta, akairudisha kaseti mwanzo, akabonyeza. Fatiha ya Bibi ikapita, hodi yangu ikapita, mlio ukapita, samaki wakaanza kukaangwa. Kioo kilikuwa cheusi. Baba hakukitazama. Aliutazama utepe ukizunguka, na mkono wake ulikuwa umenishika bega kwa nguvu za kuniumiza.

WAZA SAMAKI.

Sijui nani alipiga kigelegele cha kwanza, nadhani ni Mama. Baba aliinua mkono watu watulie. Alimgeukia Lali, kwa upole, bila kisasi, akamwambia, "Karibu, mgeni wa kioo. Waza."

Lali aliketi. Mimi nilimbonyezea ndiyo na hapana, kwa kuwa yeye naye hakujua kusoma, na Baba alimsomea. Wa maji ya chumvi? Ndiyo. Mkubwa kuliko mtu? Hapana. Ukimpika bila ndimu jirani watajua? Watu wakamcheka Mama. Hapana. Kisha Baba akasoma lililofuata, na sauti yake ikakatika katikati, akalirudia toka mwanzo:

"Yuna mwiba wa kumliza mchu mzima?"

Lali aliniuliza mimi, si Baba, nani aliyeandika maneno hayo. Nikamwambia ni Somoe. Nikamwambia alivyocheka hata akakaa chini. Nikamweleza na habari za kilio kilichosikika ng'ambo, na ndevu, yote, kwa sababu nilikuwa mtoto na nilidhani ukweli hutolewa wote kwa pamoja. Ami alinivuta nguo kutoka nyuma. Lakini Lali alikuwa akikitazama kioo, akizigusa zile herufi asizozijua moja moja, na nilikijua kile kidole, maana mimi nami niligusa kioo hivyo hivyo siku ya kwanza. Kwa Somoe hakikubaki kitu. Hapakuwa na picha wala nguo, na kaburi lake hatukuwahi kulijua. Yalibaki maneno hayo, na yalikuwa yakimchokoza yeye.

"Bonyeza ndiyo," aliniambia.

NI TAFI, ikasema kompyuta.

Toka siku hiyo jina la Samaki wa Kioo halikufa, ila lilibadilika ladha. Watu wa kambi zingine waliletwa kumwona Mwalimu Shee, na waliowaleta walijinata kana kwamba ni wao walioandika ile programu. Niliitwa mtoto wa Samaki wa Kioo nikaitika kwa kidevu juu. Naitika hivyo hadi leo, na Baba hayupo tena kusikia.

Lakini kabla watu hawajatawanyika mchana ule, Lali alitoka, akarudi na kaseti ya kwake, ya nyimbo, ambayo sote tuliijua kwa kuwa hakuwa na nyingine. Alikuwa amekwishatafuna karatasi na kuziba vile vitundu. Alimwomba Baba amtilie samaki mle, wakae kwake pia. Baba aliipokea, akaiweka redioni, akaushika ule waya wa kompyuta, kisha akasita. Badala ya kuuchomeka aliisogeza redio mbele ya Lali.

"Mwanzo huwa naacha nafasi tupu," alimwambia. "Mama yangu amenifunza kwamba si adabu. Anza wewe."

Akabonyeza kurekodi. Lali alijikohoza, akazishika ndevu zake, akainamia redio.

"Bismillahi Rrahmani Rrahim," alisema. Utepe ukawa unakwenda. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ya mtu anayebishana na dada yake: "Somoe, sikulia sana."

Baba akachomeka waya.